Vidonge vya «furaha» vinavyoingia Goma: kanisa lijue nini kuhusu 5-HTP

Jumapili moja, baada ya ibada ya pili, mama mmoja wa parokia yetu alinivuta kando, akafungua kikapu chake na kutoa chupa nyeupe iliyoviringishwa ndani ya kitenge. «Papa muganga, angalia hii. Binti yangu ameituma kutoka Ulaya. Anasema ni dawa ya usingizi na ya kuondoa mawazo. Naweza kumpa kaka yake?»

Kaka huyo tunamfahamu sote. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, zamani alikuwa motari, na alikuwa anaimba besi katika kwaya. Tangu mwisho wa Januari 2025, siku zile mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 na maiti zikalala barabarani, usingizi wake umekimbia. Anakaa mlangoni usiku kucha akisikiliza. Miezi mitatu iliyopita alipelekwa kwenye kituo cha afya, akapewa vidonge vya amitriptilini anywe jioni. Na mama yake aliongeza jambo moja kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni: kijana ananunua pia tramadoli kwenye kibanda, «kwa ajili ya mgongo».

Kwenye chupa kulikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo hakuna mtu nyumbani mwao anayeyasoma. Katikati, kwa herufi kubwa: 5-HTP, miligramu 100.

Ninaandika makala hii kwa sababu ya chupa ile, lakini pia kwa sababu haiko peke yake. Virutubisho vya kila namna vinapita katika mji wetu: vinatumwa na ndugu walioko ng'ambo, vinauzwa mkono kwa mkono na watu wa biashara za mtandao wa wauzaji, vinatangazwa katika makundi ya WhatsApp ya kwaya na ya akina mama. Baadhi ya wauzaji ni wazee wa kanisa. Wengine ni wachungaji. Mimi ni muuguzi, si daktari wa akili. Lakini mambo ya msingi kuhusu kidonge hiki yanajulikana, na yanaweza kuelezwa kwa lugha yetu.

Kidonge hiki ni nini

Katika ubongo wetu kuna kitu kinachoitwa serotonini. Ni mojawapo ya wajumbe wanaopeleka habari kutoka seli moja hadi nyingine, na kinahusika na usingizi, hamu ya chakula, maumivu na hali ya moyo. Sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, karibu asilimia 90, haiko kichwani kabisa. Iko tumboni, kwenye utumbo, ambako husaidia kusukuma chakula.

Mwili hutengeneza serotonini kwa kutumia triptofani, ambayo tunaipata katika chakula chenye protini: maharage, samaki, mayai, maziwa, karanga. Triptofani hugeuzwa kwanza kuwa 5-HTP, na 5-HTP hugeuzwa kuwa serotonini. Hatua ile ya kwanza ndiyo yenye mlinzi. Mwili huiendesha polepole, kwa kipimo, kama vile pale Petite Barrière ambapo watu hupita mmoja mmoja wakionyesha karatasi. Hatua ya pili haina mlinzi mkali. Kwa hiyo mtu anayemeza 5-HTP amepita kwa njia ya panya: ameuruka ule mpaka ambao mwili huutumia kupima kiasi.

Kwa nini watu wasimeze serotonini yenyewe? Kwa sababu haiwezi kuingia ubongoni kutoka kwenye damu, 5-HTP inaweza. Hilo ndilo lililowavutia watafiti tangu miaka ya 1960 na 1970. Katika baadhi ya nchi za Ulaya 5-HTP imetumika kama dawa ya daktari, kwa jina la oksitriptani, na imewahi kutolewa kwa wagonjwa wenye aina fulani ya misuli inayoruka yenyewe. Marekani haiuzwi kama dawa. Inauzwa kama nyongeza ya chakula, rafu moja na vitamini.

Tofauti hiyo ya rafu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 kuhusu virutubisho inamruhusu mtengenezaji kuuza bila kuthibitisha kwanza mbele ya serikali kwamba kitu chake kinaponya. Lakini sheria hiyo hiyo inamkataza kudai kwamba kinaponya. Ndiyo maana kwenye chupa nyingi kuna sentensi ndogo inayosema kwamba bidhaa hiyo haikukusudiwa kutambua, kutibu, kuponya wala kuzuia ugonjwa wowote. Sasa fikiri safari ya chupa hiyo. Inatoka dukani ikiwa imeandikwa kwamba haitibu ugonjwa. Inavuka bahari. Inafika Goma, na sentensi ile ndogo inabaki katika Kiingereza huku muuzaji akieleza kwa Kiswahili kwamba inatibu mawazo, presha, uzito, na mtoto asiyefaulu shuleni. Mtengenezaji hakuthubutu kuandika hayo. Ni sisi tunayasema, tena mara nyingine mbele ya madhabahu.

Jambo lingine ambalo wengi hawajui: 5-HTP nyingi inayouzwa duniani hutolewa katika mbegu za mmea wa Afrika, Griffonia simplicifolia, unaotambaa katika misitu ya Ghana, Côte d'Ivoire na Togo. Mbegu zinavunwa na watu wa vijijini, zinasafirishwa nje, zinachujwa katika viwanda vya mbali, kisha zinarudi Afrika ndani ya chupa nyeupe kwa bei ya dola. Sisi tulio jirani na koltani ya Rubaya hatuhitaji kufafanuliwa namna biashara hiyo inavyokwenda.

Je, kinasaidia?

Jibu la kweli ni fupi. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walikusanya, kwa ajili ya maktaba ya Cochrane, tafiti zote walizoweza kuzipata kuhusu 5-HTP na triptofani kwa wagonjwa wenye huzuni kubwa, ile madaktari wanayoiita depresheni. Walipata tafiti 108. Walipozipima kwa vigezo vya ubora, zilibaki 2, zenye wagonjwa 64 kwa jumla. Katika hao 64 vidonge vilionekana kushinda vidonge bandia, lakini watafiti wenyewe walisema ushahidi huo hautoshi kwa mtu kutoa hukumu. Kwa hiyo muuzaji anayesema «imethibitishwa» anasema zaidi ya wanaojua. Na anayesema «ni uongo mtupu» naye anasema zaidi ya wanaojua.

Hata wazo lililo nyuma ya kidonge hiki, kwamba mtu mwenye huzuni ana upungufu wa serotonini kama gari lililokosa mafuta, limepoteza nguvu. Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake wa University College London walipitia tafiti za miongo mingi, wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba depresheni inaletwa na upungufu wa serotonini. Wataalamu wengine waliwajibu, kwa haki, kwamba dawa inaweza kusaidia hata kama hatujui vizuri chanzo cha ugonjwa; parasetamoli hushusha homa, na hakuna anayesema homa ni upungufu wa parasetamoli. Nakubaliana nao. Mgonjwa anayetumia fluoksetini au amitriptilini aliyopewa na kituo cha afya asiitupe kwa sababu ya mabishano haya. Ila sote tuache kusema «kemikali zake zimepungua» kana kwamba tumezipima.

Kuhusu usalama, kuna historia ambayo wauzaji hawaisimulii. Mwaka 1989 huko Marekani watu waliokuwa wakimeza triptofani, mzazi wa 5-HTP, kwa ajili ya usingizi walianza kupata maumivu makali ya misuli na damu iliyojaa aina moja ya chembe nyeupe. Zaidi ya watu 1,500 waliugua na angalau 37 walikufa. Uchunguzi uliongoza kwa mtengenezaji mmoja wa Japani, Showa Denko, ambaye alikuwa amebadilisha namna ya kutengeneza, na uchafu ukaingia. Dawa ile haikuwa bandia. Ilikuwa halali, kutoka nchi yenye viwanda vizuri, ikiuzwa katika nchi yenye wakaguzi.

Na mwaka 2017 watafiti wa Kanada walipima virutubisho 31 vya usingizi vya aina nyingine, melatonini. Kiasi kilichokuwa ndani kilianzia asilimia 83 chini ya kilichoandikwa hadi asilimia 478 juu yake. Katika 8 kati ya hivyo walikuta serotonini, ambayo haikutajwa popote kwenye chupa. Kama hayo yanatokea Kanada, mimi siwezi kumwambia mama wa parokia yangu kilichomo ndani ya chupa yake.

Tatizo la kijana yule

Lakini hatari ya karibu zaidi haikuwa uchafu wa kiwanda. Ilikuwa ni kuchanganya.

Amitriptilini huongeza kazi ya serotonini. Tramadoli, ambayo watu wengi hapa wanadhani ni dawa ya maumivu tu, nayo huiongeza. Ukiweka 5-HTP juu ya hizo mbili, mwili unaweza kufurika. Madaktari wanaita hali hiyo ugonjwa wa serotonini: mtu anatetemeka, misuli inaruka au inakakamaa, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, anahara, anapata homa, anachanganyikiwa. Mara nyingi ni nafuu na hupita dawa zikisimamishwa. Mara nyingine huua.

Sasa someni tena orodha hiyo mkiwa Goma. Homa, kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa. Nani kati yetu asingesema «malaria»? Kijana angepelekwa, angewekewa serumu, na kwa maumivu angeongezewa tramadoli. Na kama kuchanganyikiwa kungezidi, kuna nyumba ambazo wangesema ni pepo, wangempeleka katika chumba cha maombi afungwe asile wala asinywe. Sisemi hili kwa kudharau maombi. Nimeombea wagonjwa miaka yote ya kazi yangu na nitaendelea. Nasema kwamba mwombaji asiyeuliza «unameza nini?» anaweza kumpoteza mtu ambaye angeokolewa kwa kusimamisha vidonge vitatu.

Tramadoli inahitaji neno lake. Vijana wengi wa mji huu wanaitumia: motari ili wasichoke, wabeba mizigo ya chukudu ili mgongo usilie, waliokuwa na bunduki ili wasikumbuke. Inaweza kuleta kifafa, na mwili hunasa. Mtu aliyenaswa haachi siku moja kwa kukemewa. Apunguze kidogo kidogo akiwa na muuguzi. Katika mahubiri yetu tunataja pombe, tunataja bangi. Tramadoli hatuitaji, labda kwa sababu inatoka farmasi na ina sura ya dawa.

Kwa nini mama huyu, mwenye akili na mwenye hofu ya Mungu, aliona chupa ya kutoka mbali ni tumaini kuliko kituo kilicho dakika ishirini kwa miguu? Hapo ndipo jambo hili linapotoka katika kemia na kuingia katika hali ya mji wetu.

Goma ilikuwa imechoka kabla ya Januari 2025. Tulikuwa na volkano ya 2002, na ya Mei 2021. Tulikuwa na kambi zinazotuzunguka, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo, zenye mamia ya maelfu ya watu kutoka Rutshuru, Masisi na Nyiragongo. Kisha vita vikaingia mjini. Mnamo Februari kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao, wengine makwao hakuna nyumba. Benki zilifunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, mshahara ukawa hadithi, na anayetumiwa pesa kwa simu anakatwa sehemu yake kabla ya kuishika. Wiki hizo hizo Marekani ilisimamisha misaada yake, ambayo ilikuwa ikibeba sehemu kubwa ya kazi ya huruma nchini mwetu, na miradi mingi ikafunga. Baadhi ya wale waliofunga ni watu waliokuwa wakikaa na wanawake waliobakwa, wakiwasikiliza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ya vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Piga hesabu katika kwaya ya watu 40. Msaada upo, lakini ni mwembamba. Kuna kituo cha Tulizo Letu cha Ndugu wa Upendo, ambao ni Wakatoliki na ambao wamebeba kazi hii muda mrefu kuliko sisi Waprotestanti, tukiri hilo. Kuna Heal Africa, iliyoanzishwa na daktari Jo Lusi na mke wake marehemu Lyn, ambayo imewapokea wanawake waliojeruhiwa na vita. Kuna vituo vya afya ambavyo wauguzi wake wamefundishwa kidogo kuhusu magonjwa ya akili. Dawa za msingi, amitriptilini na fluoksetini, ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na si ghali duniani. Ila zinahitaji barabara, ghala, na muuguzi mwenye nafasi ya kueleza jambo moja rahisi: kwamba dawa hizi huchukua wiki mbili hadi nne kabla mgonjwa kuona nafuu. Kijana yule hakuelezwa. Siku ya sita aliona mdomo mkavu na kichwa kizito bila faida, akaanza kuruka siku. Foleni ilikuwa ndefu na muuguzi alikuwa mmoja. Simlaumu.

Chupa ya dada kutoka Ulaya, kwa upande wake, haina foleni. Tena ni upendo wa dada aliyekaa mbali akitazama picha za mji wake kwenye simu, asijue la kufanya.

Niseme pia habari ya chakula, maana watu wananiuliza: kama triptofani iko katika maharage, si tule maharage? Ndiyo, tule, lakini si kwa sababu mtu anadhani sahani moja italeta furaha. Triptofani ya chakula hushindana na wenzake kuingia ubongoni, na haiendi moja kwa moja. Faida yake iko kwingine. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walikuwa wanaishi kwa mahindi ya msaada. Karanga zilipokatika katika mgao, zaidi ya watu 18,000 walipata pelagra, ugonjwa unaoharibu ngozi, unaoleta kuhara, na mwishowe unavuruga akili. Mahindi yana triptofani kidogo, na niasini iliyomo ndani yake mwili hauipati kwa urahisi. Karanga zina niasini, na triptofani yake mwili unaweza kuigeuza kuwa niasini. Hakuna aliyewaroga watu wale. Walikosa karanga.

Huko Goma bugali ya mahindi na sombe vinaweza kujaza tumbo siku nyingi mfululizo, wakati maharage ya Rutshuru na maziwa na fromage ya Masisi vinapopanda bei kila barabara inapofungwa. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, bado ni protini ambayo familia nyingi zinaweza kuifikia, hata kwa kikombe kimoja. Bei ya chupa moja ya 5-HTP ingenunua sambaza wengi. Elia alipolala chini ya mti akiomba kufa, malaika hakuanza kwa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akampa mara ya pili. Mazungumzo juu ya kazi na wito yalikuja baada ya siku nyingi za kutembea.

Utafiti uliofanyika kwetu

Nimesema kwamba 5-HTP ina wagonjwa 64 wa kuitetea. Sasa kuna utafiti mwingine, uliofanyika mashariki mwa Kongo na si Ulaya, na uliochapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine, mojawapo ya magazeti makubwa ya tiba duniani. Wanawake 405 waliookoka ubakaji, katika vijiji 15, walifuatiliwa. Katika vijiji 8 walipewa mtu wa kuwasikiliza mmoja mmoja walipohitaji. Katika vijiji 7 walipewa mkutano mmoja wa mtu binafsi na mikutano 11 ya kikundi, ambamo walijifunza kuyaangalia mawazo yao: «ni kosa langu», «mimi si mtu tena», «hakuna wa kumwamini». Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa wasaidizi wa kijamii wa Kikongo, waliofundishwa na kusimamiwa.

Miezi 6 baada ya kumaliza, katika vijiji vya kusikilizwa tu, wanawake 42 kati ya 100 bado walionekana kuwa na depresheni au hofu kubwa. Katika vijiji vya vikundi, 9 kati ya 100. Utafiti una udhaifu wake. Si wote walioanza waliofikiwa mpaka mwisho. Hata hivyo nauliza: kama ningekuwa na chupa ambayo imefanya hivyo kwa wanawake wa Kivu, si wauzaji wangepigania kuibeba?

Hapo ndipo ninapotofautiana na baadhi ya ndugu zangu wachungaji wanaosema kanisa halina la kufanya kwa sababu hatuna madaktari wa akili. Kikundi cha wanawake 8 au 9, chini ya paa, mara moja kwa wiki, na mtu mmoja aliyefundishwa na mwenye kutunza siri: hicho ni kitu ambacho jumuiya za ECC zinacho karibu kila kata, kutoka Katindo hadi Ndosho. Tunacho kwa ajili ya kwaya, tunacho kwa ajili ya likelemba. Kinachokosekana ni mafunzo na usimamizi, na moyo wa kukubali kwamba kusikiliza vizuri ni kazi ya kujifunza, si kipawa tu. Kutunza siri ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Nimeona ushuhuda wa mtu ukifika sokoni Virunga kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani.

Februari 2025, siku chache baada ya mapigano, wajumbe wa CENCO na wa ECC walikuja Goma katika safari yao ya kutafuta amani na kuishi pamoja. Waliongea na wakubwa, na walifanya vyema. Lakini amani ikisainiwa kesho, bado kutakuwa na vijana wanaokaa mlangoni usiku wakisikiliza. Hakuna mkataba wenye kifungu juu yao.

Kuhusu wauzaji walio ndani ya kanisa, nina ombi moja ambalo nimelipeleka pia kwa baraza letu la wazee: asiwepo mtu anayeuza kirutubisho chochote katika eneo la kanisa au katika makundi ya simu ya kanisa akitaja ugonjwa. Anaweza kuuza vitamini zake sokoni kama wengine. Ila mchungaji anayemwombea mgonjwa na hapo hapo kumwuzia chupa ameweka mikono miwili juu ya mtu mmoja, na mgonjwa hawezi kukataa mmoja wa mikono hiyo. Baraza bado linajadili. Mzee mmoja aliniambia wazi kwamba chupa hizo ndizo zinazolipa shule ya watoto wake tangu mshahara ulipokatika, na sikuwa na jibu zuri kwake.

Na kwa walioko ng'ambo, Bruxelles, Nairobi, Montréal, wanaosoma ukurasa huu: kabla ya kutuma kidonge chochote cha usingizi au cha furaha, ulizeni kwanza mgonjwa anameza nini sasa. Kama anatumia dawa yoyote ya huzuni, au tramadoli, au ana mimba, 5-HTP isitumwe.

Kijana yule hakupewa ile chupa. Tulikwenda naye kituoni, mama yake akabaki nje kwa ombi lake. Kwa mara ya kwanza muuguzi wa pale alisikia habari ya tramadoli, akapanga naye namna ya kuipunguza, na amitriptilini ikaendelea kwa kipimo kile kile, safari hii kwa maelezo. Siku nyingine analala saa nne, siku nyingine halali. Kwaya bado hajarudi.

Mama aliniomba chupa yake, kwa sababu binti yake aliilipia. Nilimrudishia. Ameiweka juu ya kabati, karibu na Biblia, na kila nikipita naiona pale, bado haijafunguliwa.